Gari linachemka kwenye foleni ya Likoni: ni joto la Mombasa au ni maji ya kisima?

BARUA YA MSOMAJI

Bwana Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisauni hapa Mombasa. Marehemu mume wangu aliniachia Toyota Corolla ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A-FE, ambayo alikuwa akiitunza kwa mkono wake na kuandika kila alichokifanya katika daftari lenye jalada jeusi. Daftari hilo ninalo hadi leo, lakini tangu afariki miaka mitatu iliyopita halijaongezwa hata mstari mmoja. Maandishi yake ya mwisho yanasema, "Kulanti nyekundu lita 3, maji ya betri lita 3," nami sikuwahi kumuuliza maana yake.

Shida yangu ni hii. Gari likiwa mwendoni, mshale wa geji ya joto hukaa chini, na nikitoka Mtwapa usiku haufiki hata katikati. Lakini nikikwama kwenye msongamano wa daraja la Nyali, au nikipanga foleni ya feri ya Likoni kwenda kuwaona wazazi wangu Ukunda, mshale hupanda hadi karibu na alama nyekundu. Mwezi uliopita lilichemka kabisa tukiwa karibu kuingia ferini, mvuke ukajaa mbele ya kioo, na vijana wakanisaidia kulisukuma pembeni huku mama yangu mgonjwa akiwa ndani. Siku ile niliogopa sana.

Kila asubuhi ninaongeza maji, mara nusu lita, mara lita nzima. Ninatumia maji ya kisima chetu kwa sababu ya mfereji huja kwa mgao. Nikifungua rejeta naona maji yenye rangi kama ya chai ya mkandaa, ilhali lile tangi dogo la pembeni limejaa siku zote. Fundi wa kwanza alitoa themostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, akaitupa, akisema kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi na huku Pwani hakina kazi. Wa pili alimimina dawa ya kusafishia, na wiki iliyofuata rejeta ikaanza kuvuja kwa chini. Wa tatu ananiambia ninunue injini nyingine, nami uwezo huo sina.

Mwanangu aliye kidato cha tatu anapenda sana mambo ya injini, na anasema kwamba kuosha njia za maji ni kazi tunayoweza kuifanya wenyewe uani. Je, ni kweli, na tunaweza kuifanya bila kuumia? Tutumie maji gani? Kulanti ni ya lazima katika mji usiojua barafu? Na themostati niirudishe au niiache?

Mama wa Kisauni.

JIBU

Dada yangu, waaleikum salaam. Pole kwa kufiwa, na pole kwa yaliyokukuta Likoni ukiwa na mgonjwa garini. Mwanao anasema kweli: kazi hiyo mnaweza kuifanya uani kwenu, nami nakuomba usinunue injini kabla ya kuifanya. Katika miaka yangu ya ufundi nimezishusha injini nyingi zilizochemka hapa Pwani, na nyingi kati ya hizo hazikuharibiwa na joto la mji huu. Ziliharibiwa na maji yaliyotiwa ndani yake. Hata mchana wa Februari au Machi, hewa yetu ikifika nyuzijoto 33 au 34, maji ya injini yenye afya huwa karibu na nyuzijoto 90, kwa hiyo upepo unaopita kwenye rejeta bado una ubaridi wa zaidi ya nyuzi 50 kuliko maji yanayopozwa. Rejeta safi inatosheka na tofauti hiyo bila taabu.

Kabla ya kushika spana, tuzisome dalili ulizoandika, kwa sababu kuosha hakutibu kila kitu. Gari linalopata moto likisimama na kupoa likienda lina upungufu wa upepo, kwani mwendo ndio unaolipa hewa ambayo feni ingepaswa kuileta. Gari linalopata moto likipanda mlima au likikimbia ndilo lenye maji yasiyozunguka vya kutosha, pengine kwa rejeta iliyoziba ndani, mkanda uliolegea au pampu iliyochoka. Dalili yako ni ile ya kwanza, kwa hiyo jambo la kutazama mapema kuliko yote ni feni. Washa gari, washa kiyoyozi, kisha uchungulie: katika magari mengi ya aina yako feni itazunguka mara moja. Usipokuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi, liache gari likinguruma limesimama huku mkitazama geji, na feni iwe imeanza kuzunguka mara tu mshale unapopita kidogo katikati. Isipozunguka, tazameni fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha), na hasa plagi ya waya zake, kwa maana upepo wa bahari hula shaba ya waya hadi inageuka unga wa kijani, na mara nyingi kuisugua plagi hiyo kunatosha kuirudishia feni uhai. Tazameni pia mapezi ya rejeta kwa nje. Yakiwa yamejaa vumbi, wadudu na mchanga, yapulizieni maji ya taratibu kutoka upande wa injini kuelekea mbele, wala msitumie mashine ya kuoshea magari yenye nguvu, kwa sababu mapezi ni laini na hulala.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba gasketi ya silinda hedi (kipande kinachoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake) ni nzima, kwa kuwa ikiwa imeungua, kuosha ni kupoteza fedha. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha mafuta ya injini utazame kwa ndani: utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai unaonyesha kwamba maji yamechanganyika na mafuta. Kisha fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, umwambie mwanao awashe gari. Viputo viwili vitatu vya mwanzo ni hewa ya kawaida. Viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma, pamoja na moshi mweupe usioisha nyuma ya gari, vina maana kwamba moshi wa silinda unaingia kwenye njia za maji, na hapo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupima silinda hedi. Usipoziona dalili hizi, endelea nami.

Sasa tuje kwenye maji, ambapo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo gari lako lilipoumia. Chukua birika unalochemshia maji ya kisima, ulitazame kwa ndani. Ule ukoko mweupe ulioganda chini yake ni chokaa, ya asili moja na ile ambayo wazee wetu waliipata kwa kuchoma mawe ya matumbawe ili kujengea nyumba za Mji wa Kale. Ardhi yetu sehemu kubwa ni jiwe hilo, na maji ya kisima huliyeyusha polepole yakipita chini. Maji hayo yakipashwa moto, chokaa hutengana nayo na kuganda mahali penye joto kuliko pote, na ndani ya injini mahali hapo ni kuta za silinda na vijia vya silinda hedi, yaani palepale ambapo joto linahitaji kutoka. Safu nyembamba ya ukoko huzuia joto kama blanketi. Kisima kilicho karibu na bahari huongeza ubaya mwingine, yaani chumvi. Injini yako ina bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya alumini, na metali mbili tofauti zikikutanishwa na maji ya chumvi huliana, alumini ikitangulia kuliwa. Rangi ya chai uliyoiona ni kutu ya bloku. Usiyoiona ni mashimo madogo yanayochimbwa kwenye alumini.

Ndiyo maana ile lita ya kila asubuhi inanitia wasiwasi kuliko mvuke wa Likoni. Mfumo wa maji wa gari ni mfumo uliofungwa, haupaswi kunywa maji kila siku. Kila lita mpya huleta chokaa mpya, chumvi mpya na hewa mpya ya kuzalisha kutu, na ukiizidisha kwa siku za miaka mitatu utaona kwamba umemimina ndani ya injini hiyo mamia ya lita za kisima. Sikulaumu, kwa sababu hakuna aliyekuambia.

Maandishi ya marehemu yalikuwa sahihi kabisa. Injini yako pamoja na rejeta huchukua takriban lita 6, naye aligawa nusu kwa nusu. Maji ya betri ni maji yaliyotolewa madini, yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, na hayo ndiyo ya kutumia. Soma lebo kwa makini, kwa maana kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, ambayo itakula injini na kuchoma mikono. Maji ya mvua yanafaa kwa kusuuza, ikiwa yamekingwa wakati wa masika baada ya paa kuoshwa na mvua ya kutosha, kwani mvua ya kwanza hubeba vumbi na chumvi ya bahari iliyotua kwenye mabati. Yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi cha nyumba pia hayana chokaa, nayo katika mji wenye unyevu kama huu hujaza ndoo upesi. Yachujeni kwa kitambaa, myatumie kusuuzia, lakini ya mwisho, yatakayobaki ndani ya injini, yawe ya dukani.

Kuhusu kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini, wengi huku wanaamini kwamba ni dawa ya barafu na kwamba sisi haituhusu. Ni kweli kwamba huzuia maji yasigande, na ni kweli pia kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Hata hivyo, kulanti ina dawa za kuzuia kutu na kulinda alumini, hulainisha sili ya pampu ya maji, na hupandisha kiwango ambacho maji huchemkia, na mambo hayo matatu yanahitajika hata Mombasa. Usitie kulanti tupu ukidhani kwamba wingi ni bora, kwa sababu isipochanganywa na maji hushindwa kubeba joto vizuri. Nusu kwa nusu inatosha. Chagua ile nyekundu inayofaa magari ya Toyota, aliyoitumia mumeo, wala usiichanganye na ya kijani iliyobaki kwa jirani, kwa kuwa dawa za kulanti zisizopatana huweza kuharibiana na hata kufanya utelezi mzito unaoziba vijia. Hakikisha kwamba chupa haijafunguliwa, na usome kama ni ya kuchanganywa au imekwisha kuchanganywa kiwandani, maana ile ya pili haiongezwi maji.

Themostati irudishwe. Najua kwamba mafundi wengi wa hapa huitoa, nami niliwahi kufanya hivyo katika ujana wangu kabla ya kuelewa. Katika injini ya familia ya A ya Toyota, kama hii yako, themostati hukaa upande ambao maji huingilia injini, na ina vali ya pili nyuma yake. Injini ikipata moto, vali ya kwanza hufungua njia ya rejeta, na ile ya pili hufunga njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yaliyo moto hurudi injini yakiwa na moto uleule. Fundi wako alidhani amefungua mlango, kumbe ameuacha wazi ule usiotakiwa. Na usiku barabarani, injini haipati joto lake la kawaida, hula petroli zaidi na kuchakaa upesi, nalo ndilo linaloelezwa na mshale wako usiofika katikati. Nunua themostati ya nyuzijoto 82 pamoja na sili yake ya mpira. Kabla ya kuifunga, mwanao aijaribu jikoni: aining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, aweke kipimajoto, apashe moto taratibu, na ataiona ikianza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Isiyofunguka irudishwe dukani siku hiyohiyo.

Kuhusu rejeta inayovuja, huenda dawa ya yule fundi haikuitoboa. Iliyeyusha kutu iliyokuwa imeziba tundu la zamani. Na mpangilio hapa ni muhimu: osheni injini kwanza mkiwa na rejeta hii mbovu, kisha ndipo mtengeneze au mbadilishe rejeta, kwa maana ukifunga rejeta mpya kwenye injini yenye kutu, kutu yote itahamia ndani ya vijia vyake vyembamba. Mvujo ukiwa kwenye shaba, fundi wa rejeta ataulehemu. Ukiwa kwenye kiungo cha tangi la plastiki, ni afadhali kubadilisha. Wapo wanaotia manjano, ute wa yai au unga wa kuzibia. Tafadhali usikubali, kwa sababu kinachoziba tundu huziba na vijia.

Kazi yenyewe ianze baada ya sala ya alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha na injini ni baridi. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa ajili ya kijana wako. Kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kushikilia shinikizo, na kwa kifuniko kilichoandikwa 0.9, ambacho ni kipimo cha shinikizo hilo, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzijoto 119. Ukikifungua ghafla, shinikizo huondoka na maji hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Nimewaona watu wazima wakichunwa ngozi kwa haraka ya dakika moja. Injini ikizimwa ikiwa na moto, msubiri saa nzima au zaidi, mguse mpira wa juu wa rejeta kwa mkono, na ukiwa bado mgumu au wa moto, msiguse kifuniko. Chomoeni waya hasi wa betri kila mnapofanya kazi karibu na feni, kwa kuwa feni nyingine huweza kuwaka hata ufunguo ukiwa umetolewa. Wala asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Egesheni mahali tambarare, wekeni beseni chini ya rejeta, mfungue kifuniko cha juu, kisha mfungue pulagi ya chini ya kutolea maji. Pulagi hiyo aghalabu ni ya plastiki, na kwa gari la umri huu huvunjika kirahisi, kwa hiyo izungusheni kwa vidole. Ikigoma, iacheni, mvue mpira wa chini badala yake. Maji yatakayotoka ni kama nusu tu ya yote, kwani nusu nyingine hubaki ndani ya bloku. Jambo hilo lisiwakatishe tamaa. Fungeni, jazeni maji safi, na msukume kitufe cha hita hadi mwisho wa moto. Najua kwamba hapa Mombasa hakuna anayewasha hita, lakini ndani ya dashibodi mna rejeta ndogo ya hita, nayo ya gari lako imehifadhi kutu ya miaka yote hiyo. Kitufe kikiwa kigumu, msikivunje. Kipakeni mafuta kwenye waya wake mkijaribu tena kesho.

Washeni gari, lingurume kwa dakika kama 10 hadi 15 mkiitazama geji, mzime, msubiri lipoe, mmwage tena. Kila mnaporudia, uchafu uliobaki hupungua kwa nusu: mara ya kwanza nusu, ya pili robo, ya tatu thumni, ya nne sehemu moja kwa kumi na sita. Kwa gari lako nadhani mara nne hazitatosha, rudieni mpaka maji yanayotoka yaonekane kama yalivyoingia. Themostati kuwa haimo kunasaidia kwa kazi hii pekee, kwa sababu maji yanapita kila mahali bila kusubiri. Kwa mzunguko wa pili mnaweza kutia dawa ya kusafishia rejeta inayouzwa kwenye maduka ya vipuri, mkifuata muda ulioandikwa kwenye chupa bila kuuzidisha. Msitumie ndimu wala sabuni ya unga. Asidi ya ndimu huila alumini isipopimwa, na sabuni huacha povu ambalo halibebi joto. Na daima, maji baridi yasimiminwe kwenye injini yenye moto, kwani chuma hupasuka na silinda hedi hupinda. Kwa kuwa kila mzunguko unadai kusubiri, itawachukua Jumamosi na Jumapili nzima, na hakuna ubaya katika hilo.

Mzunguko wa mwisho wa kusuuza uwe wa maji ya betri, ili yatakayosalia ndani ya bloku yasiwe na chokaa. Mwageni, mfunge themostati mpya ile vali yake ndogo ya kutoa hewa ikiwa juu, mfunge rejeta iliyotengenezwa, na mtazame mipira: yenye nyufa, iliyovimba au inayobonyea kama embe bivu ibadilishwe pamoja na vibano vyake. Mkanda unaozungusha pampu ya maji uwe mkavu na usiolegea, na chini ya pampu pasiwe na alama ya maji yaliyotiririka kwenye kitundu chake. Kisha ndipo utakapoona busara ya daftari. Kwa kuwa karibu lita 3 za maji zimebaki ndani ya bloku, anzeni kwa kumimina lita 3 za kulanti isiyochanganywa, polepole, halafu mmalizie kwa maji ya betri mpaka shingoni. Mkichanganya nusu kwa nusu kwanza ndooni, mtapata mchanganyiko hafifu bila kujua.

Hewa iliyonaswa ndani nayo huleta kuchemka, kwa hiyo lisogezeni gari mahali ambapo pua yake itainuka kidogo, hita ikiwa kwenye moto, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi tangu injini ilipokuwa baridi. Washeni, mkae mbali na shingo ya rejeta, mkibonyeza mpira wa juu mara kwa mara kwa kitambaa na kuongeza mchanganyiko kila unaposhuka. Mipira ya juu na ya chini ikipata moto yote miwili, themostati imefunguka. Fungeni kifuniko, mjaze tangi la akiba kati ya alama zake mbili, na kwa asubuhi tatu zinazofuata, kabla ya kuwasha, mtazame kiwango shingoni.

Kifuniko hicho kiwe kipya. Uliandika kwamba rejeta hupungua ilhali tangi la akiba limejaa daima. Injini inapopoa, kifuniko kizima huvuta maji kutoka tangini na kuyarudisha kwenye rejeta, na cha kwako hakivuti, au ule mpira mwembamba unaoelekea tangini una ufa na unavuta hewa. Vyote viwili ni vipuri vya bei ndogo, na huenda ndivyo vilivyokuwa vikikunyima usingizi.

Maji machafu msiyamwage uani. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu, na kiasi kidogo chake huua paka, nao uani kwetu hawakosekani, sembuse mtoto anayeonja kila kitu. Ikimwagwa ardhini, njia yake ni kuelekea kisima chenu. Tieni kwenye madumu yenye vifuniko, mwandike SUMU kwa herufi kubwa, myafungie mbali na watoto, kisha mpeleke kwenye gereji ambayo taka zake huchukuliwa na wazoaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Ikimwagika kidogo sakafuni, futeni na msuuze papo hapo.

Safari ya kwanza ya majaribio isiwe ya Likoni ukiwa na mgonjwa. Nendeni hadi Bamburi na kurudi, mkiwa na chupa mbili za maji ya betri garini, na mshale ukipita robo tatu, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho ili ipunguze moto wa injini, na usimame mahali salama. Mshale ukiendelea kupanda kwenye foleni licha ya feni kuzunguka, niandikie tena uniambie ulipanda kwa dakika ngapi na mpira wa chini ulikuwa wa moto au wa baridi, kwani jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama kilichobaki ni rejeta au pampu.

Jioni hiyohiyo, chini ya maandishi ya marehemu, mwanao aandike tarehe, kilomita zilizosomeka, kulanti nyekundu lita 3, maji ya betri lita 3, themostati mpya, kifuniko kipya. Mstari unaofuata uandikwe baada ya miaka 2 au kilomita 40,000, lolote litakalotangulia, isipokuwa chupa yenu ikisema muda mwingine.